Kuteleza si Kuanguka

Wahenga waliotuachia methali niliyoitwaa kuwa anwani ya makala hii hawakuwahi kufunga mbao miguuni wakateremka juu ya theluji. Nadhani walikuwa wakifikiria njia ya udongo mwekundu baada ya mvua, au jiwe lenye ukoga kando ya kisima. Hata hivyo, nilipokuwa nimelala chali juu ya mteremko mweupe katika milima ya Ufaransa, mguu mmoja umeelekea mashariki na mwingine magharibi, ni methali hiyo iliyonijia akilini, na papo hapo nikatambua kwamba kwangu mimi haikuwa na msaada wowote. Nilikuwa nimeteleza, na nilikuwa nimeanguka.

Ilikuwa Februari mwaka 2019. Nilikuwa mjini Lyon nikisomea shahada ya uzamili, na kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wageni wasio na kipato, nilikuwa nimepata chumba katika nyumba ya familia moja kwa makubaliano kwamba ningewatunza watoto wao wawili kila jioni watokapo shuleni. Kifungua mimba alikuwa binti wa miaka 11, mwenye maneno machache na macho mengi. Kitinda mimba alikuwa mvulana wa miaka 6 ambaye hakuwahi kukutana na jambo asiloliulizia swali. Shule za Ufaransa hufungwa kwa majuma mawili katika majira ya baridi, na nchi imegawanywa katika kanda tatu ili watu wote wasiikimbilie milima kwa wakati mmoja. Zamu ya Lyon ilipowadia, mama wa watoto aliniuliza kama ningependa kufuatana nao. Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza swali. Nilizaliwa Kieni, katika Kaunti ya Nyeri, na tangu utotoni nimekuwa nikiitazama theluji ya Mlima Kenya kila asubuhi isiyo na mawingu, lakini sikuwa nimewahi kuigusa.

Tuliondoka Jumamosi, siku ambayo barabara ya kuelekea milimani hujaa magari mithili ya siafu waliovurugwa. Tulipofika Albertville, mji ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1992, magari mengi yalishika njia ya bonde kubwa la Tarentaise. Huko ndiko kuliko vituo mashuhuri, miji iliyojengwa mahali ambapo hapakuwa na mji, hasa baada ya serikali kuzindua mpango wake wa theluji mwaka 1964. Val Thorens, kwa mfano, iko kwenye kimo cha mita 2,300, na eneo zima la Mabonde Matatu lina njia za kutelezea zenye urefu wa kilomita 600 hivi. Sisi tuliwaacha wenzetu, tukashika barabara nyembamba iliyopanda kuelekea Beaufort, kisha Arêches.

Arêches si mji uliojengwa kwa ajili ya mchezo. Ni kijiji kilichokuwapo kabla ya mchezo wenyewe kufika. Kina kanisa, duka la mikate, nyumba za mawe na mbao zilizofumbatana kama kondoo wakati wa baridi, na milio ya kengele inayokukumbusha saa hata kama hukuiuliza. Kiko kwenye kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,000. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, kwani Nairobi iko juu zaidi kwa mita zisizopungua 500, na huko tunalalamika baridi ya Julai huku tukiwa na migomba uani. Kumbe kimo peke yake si hoja. Umbali kutoka Ikweta ndio mwenye kauli.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya baba mzazi wa mama wa watoto, mzee wa miaka 70 aliyezaliwa papo hapo, akaenda Lyon ujanani kutafuta kazi, na ambaye tangu astaafu alikuwa amerejea. Aliposikia natoka Kenya alisimama wima, akanyoosha kidole na kutamka neno moja: "Boit!" Kumbe alikuwa ameyatazama kwenye runinga mashindano ya Nagano ya mwaka 1998, ambako Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji aliyekuwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu awali, alishiriki mbio za kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda mbio hizo dakika 20 nzima kabla, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Mzee hakujua kwamba baadaye Boit alimwita mwanawe Daehlie. Nilipomweleza, aliniongezea jibini sahanini bila kuniuliza, na tangu jioni hiyo tukawa marafiki.

Kifaransa, kama tujuavyo, kina kiwakilishi maalumu cha heshima. Nilimtumia mzee kiwakilishi hicho, naye siku ya pili akanisihi nikiache, nimwite kama wajukuu wake walivyomwita. Ulimi ulinigomea. Aliyelelewa kwa adabu za kwetu hawezi kumwambia mtu wa umri wa babu yake "wewe" kama anayemwita kitoto. Tulisuluhisha kwa mimi kumwita "Mzee", kwa Kiswahili, na baada ya siku mbili watoto nao wakawa wanamwita hivyo hivyo nyumba nzima.

Nikiri kwamba nilikwenda nikidhani likizo ni kwenda mahali usipopajua. Hivyo ndivyo matangazo ya mashirika ya utalii yanavyotufunza. Familia hii ilikuwa ikienda mahali ilipopajua hata gizani. Ukutani kulikuwa na picha za watoto wa vizazi vitatu, kila mmoja akiwa amesimama mbele ya mlango ule ule wa ghala siku yake ya kwanza ya kuvaa mbao. Mama wa watoto alikuwemo, na katika picha yake alivaa suruali nyekundu ambayo mwaka huo ilivaliwa na kitinda mimba, imetiwa kiraka gotini. Jumapili walikula supu, Jumatatu walikwenda kwa mwokaji yule yule, na kila mtu alikuwa na kikombe chake kabatini. Ndipo nilipong'amua kwamba hii haikuwa likizo kwa maana niliyoizoea. Ilikuwa ni kile ambacho vijana wetu wa mjini hukiita kwenda ushago. Wao Februari, sisi Desemba. Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili bila kwenda.

Si Wafaransa wote wawezao jambo hili, tusidanganyane. Tiketi za mitambo, mbao, buti na walimu ni gharama ambayo familia nyingi haziimudu, na walio wengi hukaa nyumbani au kwenda kwa jamaa. Nguo zangu zote, kuanzia glavu hadi kofia ngumu, zilikuwa za kuazimwa kwa shangazi yao, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mfupi kuniliko.

Mzee ndiye aliyejitolea kunifundisha. Njia za kutelezea hupangwa kwa rangi: kijani kwa wanagenzi, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa waliojitoa mhanga. Mimi sikuvuka kijani. Somo la kwanza lilikuwa kukutanisha ncha za mbele za mbao na kutenganisha visigino, mbao zikae mfano wa paa la nyumba, ili mwendo upungue. Somo la pili lilikuwa kupanda. Kwenye mteremko wa wanagenzi kulikuwa na kamba ya chuma yenye vijiti vinavyoning'inia. Mtu hukishika kijiti, akakipitisha katikati ya mapaja, akaburutwa hadi juu. Wafaransa wenyewe huuita mtambo huo kwa jina la mzaha linalomaanisha "kivuta-makalio". Ulinivuta mara nne, ukaniangusha mara nne, na kila mara foleni nzima ya watoto wenye umri wa kwenda chekechea ilisimama kunisubiri kwa subira ya Ayubu.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba mteremko ule, wakati wa kiangazi, ni malisho. Chini ya theluji niliyokuwa nikiipigia mieleka mlikuwa na nyasi, na ng'ombe wa nyasi hizo walikuwa zizini umbali wa hatua chache, wakila majani makavu yaliyokatwa Julai. Ni ng'ombe wa rangi ya hudhurungi wenye macho kama yaliyopakwa wanja. Maziwa yao hutengenezwa jibini ya Beaufort, magurudumu makubwa ya kilo 40 hivi ambayo ubavu wake umebonyea kwa ndani kwa sababu ya duara la ubao linalotumika kuikandamizia. Wakulima wa hapo walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1961 na kingali hai. Mimi mtoto wa mfugaji, niliyeona chama cha maziwa cha kijiji chetu kikifa deni likiwa halijalipwa, nilisimama mbele ya duka la ushirika ule kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mandhari yoyote. Mwalimu wa kitinda mimba, aliyevaa koti jekundu kama walimu wenzake wote, alikuwa amekwisha kukamua kabla hajaja kufundisha. Watoto walisema anunuka maziwa. Hawakusema kwa dharau.

Nirejee kwenye lugha, maana najua msomaji wa jarida hili ananisubiri hapo. Kila jioni tulipokuwa tukivua buti, kitinda mimba alinidai maneno ya Kiswahili kama anayedai ushuru. Siku ya kwanza aliniuliza mchezo huu tunauitaje. Nikamwambia: kuteleza. Akalirudia neno mara tatu, likampendeza. Kisha akauliza: na mtu akikosea hatua kwenye ngazi zenye maji, mnasemaje? Nikanyamaza kidogo, nikasema: kuteleza. Alinitazama kwa huruma. "Basi kwa lugha yenu," akasema, "haijulikani nani anajua na nani hajui?"

Nililala na swali hilo. Nilikuwa na shahada ya Kiswahili, nilikuwa nimefanya mitihani ya unyambuaji na ya uundaji wa istilahi, na mtoto wa miaka 6 alikuwa ameniweka ukutani. Usiku nikakumbuka kwamba lugha haikuwa maskini. Maskini nilikuwa mimi. Tuna kuserereka, ambako ni kushuka taratibu kwenye mteremko kama maji juu ya jani la mgomba, bila rabsha. Tuna kuporomoka, ambako ni kwa mlima na jabali, na ndiko kunakostahili ile theluji inayobomoka na kuzika watu. Tuna kubiringika, ambako nilikuwa bingwa. Asubuhi nilimweleza kwa furaha: anayejua huserereka, asiyejua huteleza. Akafikiri, akatikisa kichwa. Alitaka "kuteleza". Alisema neno lile lilimfaa kwa sababu kila siku alifanya yote mawili. Wapo wenzetu wanaoamini kwamba istilahi hutungwa mezani na kamati, kisha watumiaji wakapelekewa. Ningependa siku moja waketi na mtoto yule.

Hata majina yenyewe ya kitu kile yalinichekesha nilipoyapima. Theluji tulilipata kutoka Kiarabu. Barafu lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako "barf" ni ile ile iangukayo kutoka mbinguni. Yaani maneno yote mawili yalivuka bahari ya joto, yakateremka katika pwani ya joto, kwa watu wasiokuwa na kazi nayo. Neno nililolitumia kwetu kwa uzito wote ni sakitu, ile baridi ya alfajiri inayounguza viazi shambani vikaamka vyeusi. Nilipomfafanulia Mzee, alilielewa kuliko yote. Viazi ni viazi.

Alhamisi usiku ndipo mambo yalipochacha. Tulikuwa mezani, jibini ikiyeyuka, viazi vikifuka moshi. Baba wa watoto alisema, kwa upole lakini kama aliyekuwa amejiandaa, kwamba pengine mwaka ujao wajaribu kituo cha juu. Jua la juma lile lilikuwa kali ajabu. Chini kijijini theluji ilikuwa imegeuka uji mchana na kioo usiku, na siku nzima hapakuwa na chembe mpya iliyoanguka. Mtu akilipia likizo, alisema, anataka uhakika. Binti alisema rafiki zake wote huenda huko juu. Mama alikuwa akimenya kiazi ambacho kilikuwa kimekwisha kumenywa. Mzee aliinuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha. Nilimfuata kwa sababu mgeni anapokosa la kusema hukimbilia vyombo.

Alipomaliza alinichukua hadi ghalani na kunimulikia nguzo. Ilikuwa na alama za kisu, kila moja na mwaka wake, zilizoanzwa na baba yake kupima kina cha theluji mlangoni. Zile za juu zilinifika kifuani. Nyingi za miaka ya karibuni zilikuwa chini ya goti. Nyingi, si zote: ile ya mwaka 2018 ilikuwa juu tena, na aliigusa kwa dole gumba kama mtu anayeonyesha kwamba mgonjwa ana siku zake nzuri. Hakulaumu mtu. Aliniambia tu kwamba alikuwa kijana mdogo walipojaza maji bonde la Roselend ili kuzalisha umeme. Malisho na nyumba zilikwenda chini, na kanisa dogo likajengwa jingine mfano wake kando ya ziwa. "Maji niliyaona yakija," alisema. "Hii siioni ikienda."

Sikuwa na jibu. Leo ningeweza kumwambia kwamba Céüze, kusini mwa Alps, kilisimamisha mitambo yake mwaka 2018, na kwamba Métabief, huko Jura, wameamua kujiandaa kuachana na mchezo huo kati ya mwaka 2030 na 2035. Ningeweza kumwambia pia kwamba mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kuwa barafu ya Mlima Kenya, pamoja na ya Kilimanjaro, huenda ikawa imekwisha ifikapo 2050. Lakini hayo asingeyahitaji. Alikuwa na nguzo yake.

Ijumaa ulifanywa mtihani. Watoto hupewa nishani kulingana na uwezo, na kitinda mimba alikuwa akiwania ile inayoitwa Chembe ya Theluji. Alishuka akiwa mwenye mkao mzuri wa paa la nyumba, akapinda kushoto, akapinda kulia, akasimama mbele ya mwalimu wake, kisha, akiwa amekwisha kusimama na kupewa alama, akaanguka kifudifudi. Mzee alicheka hadi akajifuta macho. Mtoto aliinua uso wenye theluji na kupiga kelele kwa Kiswahili, kwenye mteremko mzima wa Wafaransa: "Nimeteleza!" Nishani akapata. Dada yake, aliyekuwa akijifanya hatufahamu, alikuja akampangusa, kisha akamwomba Mzee ashuke naye mara moja ya mwisho kwenye njia nyekundu, wawili tu. Waliondoka na lifti ya viti, nami nikawatazama wakipungua.

Jioni hiyo nilimpigia nyanya yangu simu. Yeye tunamwita Cucu, na ameishi umri wake wote chini ya mlima mweupe. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Uliigusa?"

"Niliigusa, Cucu."

"Ikoje?"

Nikatafuta neno, la Kikuyu, la Kiswahili, hata la Kifaransa. "Inachoma," nikamwambia.

Alinyamaza. Kisha akasema kwamba miaka hii yote alidhani ni laini, kama manyoya ya kondoo, na kwamba zamani ilikuwa ikishuka chini zaidi mlimani, hadi mahali alipokuwa akinionyesha kwa mkono nilipokuwa mdogo. Akauliza ni ya kazi gani. Nikamweleza watu huteleza juu yake. Akauliza tena kama nilikuwa nikila vizuri, na kama Desemba ningekuja.

Desemba nilikwenda. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya tasnifu iliyokuwa imenikalia shingoni niliporudi Lyon, Februari ya mwaka 2020 sikufuatana nao, wala sikuwa tena nikikaa kwao. Sikuuliza waliamua nini. Mwanzoni mwa Machi nikapata kadi ya posta. Picha yake ilikuwa ya zamani kidogo: kanisa, duka la mikate, mapaa yaliyolemewa na theluji, na mlima nyuma niliokuwa nikiutazama kutoka dirishani mwa jikoni. Nyuma ya kadi, kwa herufi kubwa za mtoto aliyekwisha kujua kuandika, kulikuwa na neno moja.

NIMETELEZA.

Hakueleza ni lipi kati ya hayo mawili.